Chombo Kidogo Kinachoendesha Kompyuta kutoka Mbali

Mnamo tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 katika nchi mbalimbali za dunia zilishindwa kuwaka sawasawa. Chanzo kilikuwa faili moja yenye kasoro, iliyosambazwa na kampuni ya CrowdStrike kwa ajili ya programu yake ya kuzilinda kompyuta zinazotumia Windows. Kompyuta zilizoathirika zilianguka, zikajaribu kuwaka upya, zikaanguka tena. Maelfu ya safari za ndege yalifutwa, hospitali ziliahirisha baadhi ya huduma, na kazi za benki zilikwama.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa nyepesi. Kilichotakiwa ni kuiwasha kompyuta kwa namna ya pekee, ikiwa na sehemu chache tu za programu zake, kisha kuitafuta faili mbovu na kuifuta. Ugumu ulikuwa katika kumfikia mgonjwa. Kompyuta isiyoweza kumaliza kuwaka haiwezi kupokea amri kwa njia ya kawaida ya mtandao. Ilibidi mafundi wengi watembee kutoka kompyuta hadi kompyuta, wakibonyeza kibodi kwa mikono yao wenyewe, na katika mashirika makubwa kazi hiyo iliendelea kwa siku kadhaa.

Mkasa huo unazusha swali la kisayansi. Je, mtu aliye mbali anaweza kuiendesha kompyuta ambayo haijaweza hata kuwaka? Jibu ni kwamba anaweza, ikiwa kompyuta hiyo imeunganishwa na chombo kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Yafaa kuelewa jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, kwa sababu uwezo uleule unaokifanya kiwe mwokozi unaweza pia kukifanya kiwe mlango wa mwizi.

ASILI YA WAZO

Wazo la kuendesha kompyuta kutoka mbali lina umri unaokaribiana na ule wa kompyuta yenyewe. Mwaka 1937 George Stibitz, mtaalamu wa hisabati katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani, aliunganisha rilei za simu, balbu za tochi na vipande vya bati juu ya meza ya jikoni kwake. Akapata mtambo mdogo wenye uwezo wa kujumlisha namba za mfumo wa mbili. Kutokana na jaribio hilo, maabara yake ilijenga mashine ya kukokotoa namba changamano, yenye rilei zaidi ya 400, ambayo ilianza kazi mjini New York mwaka 1940.

Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo, wanahisabati wa Marekani walikutana katika Chuo cha Dartmouth kilichopo Hanover, New Hampshire. Stibitz alitaka kuwaonyesha mashine yake, lakini hakuileta. Alileta teleprinta tu, iliyounganishwa na New York kwa waya wa simu. Hesabu ilipigwa chapa Hanover, ikakokotolewa New York, na jibu likarudi na kujichapa palepale mbele ya watazamaji. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwa John von Neumann na Norbert Wiener, ambao majina yao yangekuja kuvuma katika historia ya kompyuta.

Msingi wote wa jambo hili unaonekana katika onyesho hilo. Mashine kubwa ilibaki mahali pake, na kilichosafiri ni ishara za umeme. Mashine ile haikujua, wala haikuhitaji kujua, kwamba vidole vilivyoiamuru vilikuwa zaidi ya kilometa 300 kutoka hapo ilipo.

PROGRAMU PEKE YAKE HAITOSHI

Siku hizi zipo programu nyingi zinazomwezesha mtu kuendesha kompyuta iliyo mbali. Programu hizo zinafaa, lakini zina udhaifu mmoja wa maumbile: zinaishi ndani ya kompyuta ileile inayotakiwa kuendeshwa. Mfano wake ni mtumishi aliyelala ndani ya nyumba. Akiugua yeye, au mlango ukikwama, hawezi tena kumfungulia mgeni. Programu ya namna hiyo haiwezi kufanya lolote mpaka programu endeshi ya kompyuta iwe imekwisha kupakiwa na kutulia.

Chombo kinachozungumziwa hapa husimama nje ya kompyuta. Chenyewe ni kompyuta kamili, ingawa ni ndogo. Mafundi wengi hukitengeneza kwa kutumia Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Ubao huo una ukubwa unaokaribia ule wa kadi ya benki, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwafundishia vijana elimu ya kompyuta. Katika seva kubwa, watengenezaji hupachika kompyuta ndogo ya usimamizi ndani ya mashine yenyewe, nayo hufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme umeunganishwa. Kanuni za pamoja za vyombo hivyo zilitolewa mwaka 1998 na kampuni za Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC.

Iwe ndani au nje, chombo hicho hufanya kazi tatu: hubonyeza, hutazama, na huwasha.

LUGHA YA KIBODI

Kibodi ya kisasa huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, utaratibu ulioanzishwa mwaka 1996. Kifaa kinapochomekwa, kompyuta hukiuliza ni cha aina gani. Kifaa hujibu kwa namba maalumu zinazomaanisha "kibodi", na kuanzia hapo kompyuta hukitii.

Mazungumzo yanayofuata ni mafupi sana. Katika utaratibu wa msingi, kila taarifa ya kibodi ina namba nane. Namba ya kwanza hueleza vibonye vya kusaidia, kama kile cha herufi kubwa. Ya pili huachwa sifuri. Na sita zilizobaki hutaja vibonye vilivyobonyezwa kwa wakati mmoja. Herufi a ina namba 4, b ina namba 5, na kuendelea hivyo kwa mfuatano wa alfabeti hadi z yenye namba 29. Kibonye cha herufi kubwa kilicho upande wa kushoto kina thamani ya 2.

Tuseme mtu anataka kuandika neno "Maji". Kwa herufi M, chombo kitatuma 2, 0, 16, 0, 0, 0, 0, 0. Kisha kitatuma sifuri nane, maana yake vidole vimeinuliwa. Kwa a kitatuma 0, 0, 4 na sifuri tano. Kwa j namba ya tatu itakuwa 13, na kwa i itakuwa 12. Kompyuta inayopokea namba hizo haina njia ya kutambua kama zimetoka katika kibodi ya plastiki iliyo mezani au katika ubao mdogo unaopokea amri kutoka bara jingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba lugha hii hueleweka hata kabla programu endeshi haijapakiwa. Programu ndogo ya kuanzia, iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kudumu ya kompyuta, huifahamu tangu sekunde za mwanzo. Kwa sababu hiyo fundi aliye mbali anaweza kuingia katika mipangilio ya msingi ya mashine, kuchagua namna ya kuiwasha, au kuifuta faili mbovu kama ile ya Julai 2024.

MACHO NA KIDOLE

Mkono bila macho haufai. Kwa hiyo chombo hupokea pia ishara za picha ambazo kompyuta ingezipeleka kwenye skrini. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Kila nukta ikielezwa kwa biti 24, na picha ikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, zitahitajika biti zipatazo bilioni 3 kila sekunde. Njia nyingi za intaneti hazimudu mzigo huo. Chombo huubana kwa kutumia ukweli kwamba picha moja hufanana sana na iliyotangulia. Kwa kiasi kikubwa hutuma yale yaliyobadilika tu.

Hata mzigo ukibanwa, umbali una kodi yake. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kwa njia yenye urefu wa kilometa 10,000, ishara huchukua milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi. Fundi akibonyeza kibonye, hataona matokeo yake kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita, hata awe na vyombo bora namna gani.

Kazi ya tatu ni kuwasha na kuzima. Swichi ya kuwashia kompyuta ya mezani hukutanisha ncha mbili za waya kwa muda mfupi tu. Kuzikutanisha mfululizo kwa sekunde zipatazo nne au zaidi kwa kawaida huilazimisha mashine izimike. Rilei ndogo inaweza kufanya kazi hiyo: mkondo dhaifu hupita katika sumaku-umeme, sumaku huvuta kipande cha chuma, na sakiti ya pili hukamilika. Vyombo vingine hutumia mwanga badala ya sumaku. Taa ndogo huwaka upande mmoja, na transista inayohisi mwanga huikamilisha sakiti upande wa pili, bila waya za pande hizo kugusana.

HAJA YA NJIA YA PILI

Chombo cha namna hii hakina faida kama njia ya kukifikia imekatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kwa muda wa saa sita hivi. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao unaounganisha vituo vya kompyuta vya kampuni hiyo. Njia ya akiba ya kuvifikia vituo hivyo nayo haikupatikana, na wahandisi wakalazimika kwenda huko wenyewe, kwenye majengo yaliyowekewa ulinzi mkali ili yasiingiliwe kirahisi.

Afrika Mashariki nayo ilipata somo lake tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mawasiliano ya intaneti katika Tanzania, Kenya na nchi jirani yalizorota. Fundi makini huweka basi njia mbili zisizotegemeana, kwa mfano waya wa ofisi na laini ya simu ya mkononi, huku akijua kwamba njia mbili zinazopita katika mkongo mmoja ni njia moja tu.

MKONO WA MWIZI

Utaratibu wa kibodi ulibuniwa kwa kudhani kwamba anayeibonyeza ameketi mbele ya kompyuta. Ikiwa ameketi hapo, basi alikwisha kupita kwenye lango, akafunguliwa mlango, akaonekana na wenzake. Kuta za chumba zilikuwa sehemu ya usalama wa kompyuta. Chombo kidogo kikichomekwa, kuta hizo hazina kazi tena, na kompyuta haipewi habari.

Mwaka 2014, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Las Vegas, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell kutoka Berlin walionyesha jambo lililowashtua wengi. Walibadilisha programu iliyofichika ndani ya kifaa cha kawaida cha kuhifadhia data, kile kinachochomekwa na kubebwa mfukoni. Kifaa kilipochomekwa kilijitambulisha kuwa kibodi, kikaanza kuandika amri chenyewe. Kompyuta ilitii.

Mnamo Juni 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya mipango ambayo watu wa Korea Kaskazini walijipatia ajira katika makampuni ya Marekani kwa kutumia majina ya watu wengine. Kwa mujibu wa wizara hiyo, kompyuta za kazi zilipelekwa katika nyumba za washirika wao waliokuwa Marekani, na baadhi yao waliziunganisha na vyombo vya kudhibitia kibodi, skrini na kipanya. Mwajiri aliona kompyuta iliyopo nchini mwake. Vidole vilikuwa ng'ambo.

Kinga zake si ngumu kuzieleza. Neno la siri la kiwandani libadilishwe kabla chombo hakijatumika. Chombo kisiachwe wazi kwenye intaneti, bali kifikiwe kupitia mtandao wa pembeni wenye mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo. Vyumba vya seva vifungwe, na kila kifaa kilichochomekwa kiandikwe katika daftari. Na mtu akiokota kifaa cha USB njiani, asikichomeke kwenye kompyuta kwa kutaka tu kujua kilichomo.

KATIKA DARASA

Mwalimu wa fizikia anaweza kuanza na betri, sumaku-umeme na balbu, wanafunzi wakaone jinsi mkondo mdogo unavyotawala sakiti nyingine. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa zoezi la kuandika neno "Umeme" kwa taarifa za namba nane nane, bila kusahau sifuri za kuinua vidole. Herufi m na e zitajirudia, na U ya mwanzo itahitaji 2. Kisha wanafunzi waulizwe: katika namba zote hizo, ni ipi inayomtaja mtu aliyezituma? Watatafuta na hawataiona. Hapo ndipo watakapotambua kwa nini chombo hiki kinahitaji kulindwa kama funguo za ofisi zinavyolindwa.