Takwimu za Afya: Kutoka Daftari la Zahanati hadi Bajeti ya Wilaya

Mgonjwa anapofika zahanati na kuulizwa umri wake, kijiji anachotoka, na kama hayo ni mahudhurio yake ya kwanza kwa mwaka huo, huenda akaona anacheleweshwa. Majibu yake huandikwa katika rejesta ya wagonjwa wa nje, mojawapo ya vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi mistari ya rejesta hujumlishwa, jina la mgonjwa hubaki zahanati, na tarakimu husafiri. Huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambako halmashauri, mkoa na wizara huisoma.

Tarakimu ni ile ile, lakini kila ngazi ina swali lake. Mganga Mfawidhi wa zahanati anataka kujua kama dawa mseto ya malaria iliyobaki stoo itafika mwisho wa mwezi. Mganga Mkuu wa Wilaya ana mzigo wa aina nyingine: zahanati ipi ipewe muuguzi mmoja aliyepatikana, na fedha za mwaka ujao zielekezwe kwenye ugonjwa upi. Wizarani hutazamwa mwenendo wa miaka. Mfumo unaompelekea waziri hesabu ya vidonge vya zahanati moja, au unaomwonyesha mfawidhi mchoro wa nchi nzima huku stoo yake ikiwa tupu, haujamsaidia yeyote kati yao.

Uamuzi wa wilaya ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo mahitaji ya watu hukutana na fedha zisizotosha. Tanzania ina mfano wake. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada, ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa hili: je, wilaya ikipanga bajeti kwa kufuata ushahidi wa magonjwa yake yenyewe, watu watakufa wachache zaidi?

Rejesta za vituo hazikutosha kulijibu, kwani vifo vingi vilitokea nyumbani, na asiyefika kituoni haandikwi. Wadadisi walipita kaya kwa kaya wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea msiba, walirudi baadaye kuwahoji wafiwa kuhusu dalili za marehemu, ili madaktari wakadirie chanzo cha kifo.

Ilionekana kwamba malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo vya mapema, huku ikitengewa takriban asilimia 5 tu ya bajeti. Viongozi wa wilaya hawakuwa wazembe. Walikuwa wakirithi mgawanyo wa mwaka uliopita na kufuata masharti ya miradi iliyokuja na fedha zake. Hakuna aliyekuwa amewawekea mzigo wa magonjwa na mgawanyo wa fedha katika ukurasa mmoja. TEHIP ilifanya hivyo kwa programu nyepesi za kompyuta zilizogeuza majedwali marefu kuwa michoro michache ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma na kuijadili.

Bajeti zilibadilika. Fedha zaidi zilikwenda kwenye vyandarua vyenye dawa na kwenye mafunzo ya Udhibiti wa Magonjwa ya Watoto kwa Uwiano. Vituo vya afya vilikabidhiwa kazi ya kusimamia zahanati za jirani, vikisaidiwa na redio za mawasiliano. Nyongeza iliyotolewa ingeweza kufika dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya ziliweza kutumia senti 80 tu. Hata hivyo, katika muda wa takriban miaka mitano vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Michoro haikuwaponya watoto hao. Vyandarua, dawa na wahudumu waliofunzwa ndivyo vilivyowaponya. Lakini michoro ndiyo iliyoonyesha fedha ziende wapi.

Leo kompyuta ni nyingi na taarifa hufika haraka. Tatizo lililobaki ni la njia ya kurudi. Taarifa hupanda kila mwezi, lakini muuguzi aliyeijaza mara nyingi hapati kuona jinsi zahanati yake inavyolingana na za jirani, na mtu asiyeona matunda ya kazi yake huanza kujaza nafasi kwa makadirio. Tiba yake haihitaji mtambo mpya. Msimamizi anayekuja na mchoro wa zahanati hiyo na kuuliza kwa nini kuhara kumeongezeka kwa watoto wa kijiji fulani amemrudishia muuguzi kile alichokiandika. Hapo umri na jina la kijiji, yale mambo mgonjwa aliyoulizwa dirishani, huwa ndiyo njia ya kukifikia kisima chenye maji machafu.