Mimi, Toutou na Wabebaji Wasio na Majina

Jina ni ushahidi. Ambaye ana uwezo wa kukipa kitu jina, na jina lake likakubaliwa na kuandikwa, huyo ndiye mwenye nguvu mahali hapo na wakati huo. Kwa hiyo mwanaisimu anaposoma historia ya vita, hatazami tu nani alishinda. Hutazama pia nani alitaja na nani hakutajwa. Leo ningependa kuwaalika walimu na wanafunzi tuitazame kwa jicho hilo kazi ya afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Geoffrey Spicer-Simson, ambaye sifa zake zote zilitokana na ziwa letu la Tanganyika.

Bwana huyu alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akajiunga na jeshi la majini angali kijana mdogo. Alipima mito huko Uchina na Gambia, kazi ya kuheshimika, lakini vyeo vilimpita. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alikuwa amekwisha kupata sifa ya mtu wa mikosi. Mnamo Novemba mwaka huo, manowari Niger, iliyokuwa miongoni mwa vyombo alivyosimamia, ilizamishwa na Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza huku yeye yuko nchi kavu. Akaishia kukalia kiti cha ofisini London.

Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala maji ya Tanganyika. Mwindaji mmoja, John Lee, aliwashauri wakuu wa London kwamba mashua ndogo ziendazo kasi zingeweza kusafirishwa kwa reli na barabara kutoka Afrika Kusini hadi ziwani, zikawashtukize. Shauri likakubaliwa, na Spicer-Simson akapewa uongozi. Mashua zilikuwa mbili, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Alitaka ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza; wakubwa wakakataa. Akarudi na majina Mimi na Toutou, wakayakubali. Kumbe katika Kifaransa cha watoto mimi ni paka na toutou ni mbwa! Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba afisa huyo alikuwa amejifunza viwakilishi vyetu vya nafsi.

Lakini hebu tuyatazame pia majina ya meli za adui. Hedwig von Wissmann ilichukua jina la mke wa Hermann von Wissmann, yule aliyeuvunja upinzani wa Abushiri pwani, hata Abushiri akanyongwa Pangani mwaka 1889. Meli kubwa kupita zote, Graf von Götzen, ilibeba jina la gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Ndogo, Kingani, ilikuwa na jina la kwetu, la mto uingiao baharini karibu na Bagamoyo. Hivyo mwenyeji wa ufuoni alipoitazama meli ikipita, alikuwa akipitishiwa machoni jina la aliyemshinda.

Mashua ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town, kisha zikapanda reli hadi Fungurume nchini Kongo. Hapo reli ilikoma, na mbele yao ikawa milima ya Mitumba. Kwa zaidi ya kilomita 200 zilikokotwa na injini mbili za mvuke na makundi ya maksai, katika njia iliyochongwa msituni na kujengewa madaraja zaidi ya mia moja. Swali ni hili: nani aliyechonga? Nani aliyekata magogo ya madaraja hayo na kuni za injini hizo? Maji yalipoadimika, ni wanawake wa vijiji vya karibu walioyabeba kwa mitungi ili injini zisisimame. Waingereza wa msafara walikuwa kama thelathini tu. Wenyeji walikuwa mamia. Tunayajua majina ya mashua, twajua hata kwamba yalikataliwa mara ya kwanza. Majina ya wanawake wale hatuyajui.

Mwisho wa Oktoba msafara ulifika ziwani, mahali paitwapo Kalemie leo. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa, na papo hapo ikavuliwa jina lake na kuitwa Fifi, jina la kubembelezea tena la Kifaransa. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Spicer-Simson akatunukiwa nishani. Hata hivyo, Götzen ilipoonekana alikataa kuishambulia, na baadaye mwaka huo akarudishwa kwao akiwa mgonjwa. Tangu hapo hakupewa tena uongozi wa chombo baharini. Alikuja kuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari iliyoundwa Monaco mwaka 1921, akafariki Kanada mwaka 1947.

Je, Götzen iliishaje? Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari ikiitwa Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa upande wa kusini wa ziwa miaka sitini kabla. Jina la gavana likazama, jina la ziwa likaelea.

Na wabebaji? Hapa sharti tutoke Kongo tuje kwetu, kwa maana kilichotendeka Mitumba kilitendeka kwa ukubwa zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Hesabu rasmi yenyewe inakiri kwamba walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, si kwa risasi. Jina la kikosi hicho likapita katika vinywa vya watu, likafuata kanuni za matamshi yao, likatoka Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Hakuna kamati iliyokaa kulipitisha. Watu walipataja mahali walipokusanyikia wapagazi, na lugha ikahifadhi kile ambacho madaftari ya jeshi hayakujali kukihifadhi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, unapofundisha vita vile, usiishie kwenye tarehe na nishani. Waulize wanafunzi wako: mzigo huu ulibebwa na nani? Nanyi wanafunzi, rudini nyumbani mkawaulize wazee kama katika ukoo kuna aliyechukuliwa kwenda kubeba, na jina lake mliandike. Mashua Mimi ina jina katika vitabu vya Uingereza. Mimi wetu sisi, yule wa nafsi ya kwanza umoja, bado anangoja kuandikwa.