Likasi: Walibatizwa katika Kanisa moja, bado wakafukuzana

Likasi. Mwaka 1992 stesheni ya treni ya Likasi iligeuka kambi ya wakimbizi. Familia nyingi zenye asili ya Kasai zililala pale na mizigo yao, zikisubiri mabehewa ya kuzipeleka kwenye mkoa ambao baadhi yao, waliozaliwa Katanga, hawakuwahi kuuona. Wengine walifia njiani kwa njaa na maradhi.

Watu wanapozungumzia dini na migogoro barani Afrika, mara nyingi hufikiria Waislamu na Wakristo. Likasi inaleta swali jingine. Waliofukuzwa na waliowafukuza walikuwa Wakristo kwa sehemu kubwa, na wengi wao Wakatoliki. Kwa nini imani moja haikuzuia uhasama?

Jibu linaanzia kwenye shaba.

Kampuni, kambi na misheni

Mji huu uliitwa Jadotville kuanzia 1931 hadi 1966. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilihitaji wafanyakazi wengi, na reli iliyounganisha Kasai na Katanga ilipokamilika mwaka 1928, watu wa Kasai waliletwa kwa wingi. Kampuni iliamua wafanyakazi wakae na wake zao kambini. Shule na makanisa ya kambi yaliachwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki.

Hivyo mfanyakazi alipata kazi, nyumba na dini kutoka mikono iliyoshirikiana. Si wote walioridhika. Mwanahistoria John Higginson ameeleza jinsi Kitawala, iliyoingia Katanga kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ilivyopata wafuasi miongoni mwa wafanyakazi wa migodi. Watawala Wabelgiji waliiona ni hatari kwa utawala wao, wakaipiga marufuku na kuwahamisha wafuasi wake.

Jamaa yavuka mipaka ya makabila

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Kolwezi, padri Mfransisko Placide Tempels alianza kukutana na wafanyakazi wa mgodi na wake zao. Tempels alifika Kongo mwaka 1933 na alijulikana kwa kitabu chake cha 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu. Kutokana na mikutano hiyo ilizaliwa Jamaa, ambayo ilienea katika kambi za migodi za Katanga na kufika hadi Kasai.

Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili, lugha ya kambi, na yalizunguka mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja. Walilelewa hatua kwa hatua na mume na mke waliowatangulia, na hao wakawa baba na mama zao katika imani. Mtu aliweza kupata wazazi wa kiroho wasio wa kabila lake.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifanya utafiti juu ya Jamaa katika miaka ya 1966 na 1967, na kitabu chake kikatoka 1971. Willy De Craemer, padri Mjesuiti na mwanasosholojia, alichapisha chake mwaka 1977. Katika kazi hizo Jamaa inaonekana ikiwapa watu wa kambi kitu walichokiacha kijijini: ukoo.

Lakini undugu huo ulileta ugomvi ndani ya Kanisa lenyewe. Mapadri waliona wazee wa Jamaa wakiongoza waumini kwa mafundisho ya ndani ambayo wao hawakuyasimamia. Vikundi vilivyoitwa Katete vilituhumiwa kupotoka. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962 na hakurejea tena. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Zaire waliibana Jamaa, na baadhi ya wafuasi wakajikuta nje ya Kanisa.

Shaba ilipokwisha

Miaka ishirini baadaye kambi hizohizo zilikuwa na njaa. Gécamines, iliyorithi Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kufikia 1993 ilikuwa chini ya tani 60,000.

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama cha UFERI walikuwa tayari wakihubiri kwamba watu wa Kasai wamewanyang'anya wenyeji kazi na nyumba. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Likasi ikawa miongoni mwa miji ya kwanza kulipuka.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amefuatilia kwa miaka mingi maisha ya familia za wafanyakazi hao. Mwaka 2005, pamoja na Marcel Ngandu Mutombo, alitoa kitabu juu ya kuishi pamoja Katanga. Katika historia hiyo kabila linaonekana likiwa na uzito palipogawanywa kazi, vyeo na nyumba. Ubatizo haukumpa mtu nafasi Gécamines, wala haukumlinda asiipoteze. Hata nyumba za mume wa Katanga na mke wa Kasai ziliguswa.

Swali halijafungwa

Watu wa Kasai wamerudi Likasi, na treni na malori bado yanaleta wengine. Tangu Félix Tshisekedi awe rais mwaka 2019, maneno ya zamani yamesikika tena Katanga.

Mei 2022 maaskofu wa jimbo la kikanisa la Lubumbashi, chini ya Askofu Mkuu Fulgence Muteba, waliitisha kongamano la umoja na upatanisho. Lilihusu Wakatanga. Katika komini za Kikula, Panda na Shituru, ambako watoto wa pande zote hukaa benchi moja shuleni na kanisani, wapo waliozaliwa hapa kwa vizazi vitatu na bado huulizwa kama wao ni Wakatanga.