Binti Anapoogopa Kijiti

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefunika Soni. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 19 na mtoto wa miezi minane mgongoni, akasimama njiani. "Shangazi, turudi tu. Naogopa."

Mama mwenzangu, usimcheke. Sokoni aliambiwa kwamba kijiti husafiri mpaka moyoni. Tena jirani yake alichanwa kabla ganzi haijashika, na alipolia akajibiwa, "Mbona kuzaa uliweza?" Neno kama hilo hufika kijiji cha pili kabla ya jioni.

Maumivu yapo, tusiwadanganye mabinti. Lakini mengi ni ya sindano ya ganzi yenyewe, ambayo huchoma kwa muda mfupi. Baada ya hapo husikia kusukumwa tu. Norplant ya zamani ilikuwa na vijiti sita! Jadelle ina viwili, vya miaka 5. Implanon ni kimoja cha miaka 3, urefu wake sentimita 4, unene kama njiti ya kiberiti. Hukaa chini ya ngozi ya mkono, na ukipapasa unakigusa. Kusogea mbali ni nadra sana.

Tulimnywesha uji kwanza, maana mwenye njaa na hofu huzirai upesi. Alilala kitandani, nikamshika mkono. Nesi alimgusa kwa ncha ya sindano: "Unasikia maumivu, mwanangu?" Akasubiri. Binti alipouliza, "Bado?" kazi ilikuwa imekwisha. (Aliyefumba macho muda wote ni mimi.)

Mkono huvilia damu na kuuma siku chache. Bandeji isilowe, na mizigo mizito ipumzishwe. Ukizidi kuvimba, kupata joto au kutoa usaha, arudi kituoni mara moja. Aambiwe pia mapema kwamba hedhi huweza kuvurugika, ikawa matone matone au ikakoma, na kwamba kijiti hutolewa siku yoyote atakayo. Anayejua hilo hajioni amefungwa. Ila UKIMWI hakizuii.

Tukiteremka, akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Shangazi, mama mkwe akiiona bandeji?" Mumewe alijua, mama mkwe hakujua.

Siku tatu zile, kuni zake nilikwenda kuzikata mimi.