JE, GHARAMA ZA NAIROBI ZINGALI NA FAIDA, AU NAKURU YATOSHA?

Watu wengi wa Bonde la Ufa, hasa vijana waliomaliza shule na mafundi wenye familia, huuliza swali moja: je, gharama za Nairobi zingali na faida, au ni heri mtu akae Nakuru karibu na shamba lake? Swali hili si la mchezo, kwa kuwa ndani yake mna mshahara, chakula cha watoto, na mahali ambapo mume na mke watalala kwa miaka mingi. Leo twataka kulieleza kwa hesabu, wala si kwa sifa za mji huu au ule.

Kwanza yafaa tukumbuke chanzo cha mambo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kwa kupokea mazao ya mashamba ya pande zote: mahindi ya Njoro na Rongai, viazi vya Molo na Mau Narok, maziwa ya Bahati na Subukia. Nairobi ilikua kwa ofisi, viwanda na biashara. Lakini katika miji yote miwili Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni. Vyumba vingi alivyojengewa vilikuwa vya wanaume wasio na wake, kitanda kando ya kitanda, na mshahara wake ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja. Mkewe na watoto wake walidhaniwa kuwa wanalishwa na shamba.

Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi, Bwana F. W. Carpenter, ilikiri jambo hilo waziwazi. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na karibu robo ya wale walioajiriwa katika kazi za Serikali, hawakupata mshahara wa kutosheleza mahitaji yao ya lazima. Ikashauri kwamba kima cha chini cha mshahara kipandishwe hatua kwa hatua mpaka kiweze kumtunza mtu pamoja na familia yake.

Utawala ule ulikwisha mwaka 1963, lakini hesabu yake haikuondoka nao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaya moja ya Nairobi, yaani watu walao chungu kimoja, ilikuwa na watu 2.9 kwa wastani. Katika kaunti ya Nakuru, pamoja na vijiji vyake, ilikuwa 3.5. Hapana mtu atakayesema kwamba watu wa Nairobi hawapendi watoto! Wengi ni vijana wasiooa bado. Lakini wako pia baba na mama ambao jamaa zao wako Molo, Bahati, Kisii au Machakos, na mji unawahesabu kuwa ni mtu mmoja mmoja.

HESABU YA FUNDI WA NJORO

Na tumfikirie mtu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mke na watoto watatu, na shamba dogo huko Njoro. Tarakimu tutakazotaja ni za mfano tu. Kila msomaji na aweke zake.

Tuseme Nairobi anapewa shilingi 30,000 kwa mwezi, na Nakuru angepewa 24,000. Akiichukua familia yote Nairobi, vyumba viwili vitamgharimu shilingi 10,000, nauli ya kwenda kazini na kurudi 5,200, na chakula 12,000, maana hata sukuma wiki hununua. Zimebaki 2,800. Kwa fedha hizo alipe karo, anunue gesi, na amwombe Mungu asiugue mtu.

Akihamia Nakuru na familia yake, chumba na sebule vitamgharimu 6,500, nauli 1,300, na chakula 9,000, kwa kuwa gunia la mahindi na viazi hutoka shambani. Zimebaki 7,200. Mshahara umepungua kwa shilingi 6,000, lakini akiba imeongezeka kwa 4,400. Mpaka hapa mambo ni rahisi, na watu wa Nakuru watapiga makofi.

Lakini iko njia ya tatu, nayo ndiyo ifuatwayo na watu wengi. Fundi anakwenda Nairobi peke yake. Anapanga chumba kimoja cha 5,000, anakula chakula cha 6,000, analipa nauli ile ile ya 5,200, na mara mbili kwa mwezi anakwenda Njoro kwa nauli ya shilingi 1,000 kwenda na kurudi. Jumla ni 18,200. Anampelekea mkewe 4,000 za sabuni, sukari na mafuta, maana chakula kingine chatoka shambani. Zimebaki 7,800.

Basi tazama vema. Kati ya kukaa na watu wake Nakuru na kukaa peke yake Nairobi, tofauti ni shilingi 600 kwa mwezi. Kwa shilingi 600 mke analima peke yake, anakwenda na mtoto hospitali usiku peke yake, na watoto wanamwona baba yao siku nne katika siku thelathini. Katika hesabu ile ya zamani kazi ya mama huyu haikuandikwa popote, na fundi wetu naye hakuiandika. Kama angemlipa kibarua wa kulima, kupalilia na kukama ng'ombe, zile 600 zisingemaliza hata juma moja.

Tena liko jambo la nne, na twashangaa kwamba watu hulisahau. Kutoka Njoro mpaka Nakuru ni mwendo wa kilometa 20 hivi. Fundi aweza kulala kwake kila siku, asilipe kodi ya nyumba hata senti. Nauli ikiwa 200 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 5,200. Chakula cha nyumba nzima, 8,000. Zimebaki 10,800.

KWA NINI BASI WATU HUENDA NAIROBI?

Hata hivyo, watu waendao Nairobi si wajinga. Wanajua jambo moja lisiloonekana katika karatasi yetu: kazi ya Nakuru ni lazima kwanza ipatikane, na ikipatikana, idumu. Mji huu umeonja uchungu wa jambo hilo. Kwa miaka mingi pareto ilikuwa fahari ya nchi hizi za juu, nayo ilisagwa hapa Nakuru. Biashara ile ilipoanguka, wakulima walikaa bila malipo na kiwanda bila maua. Kiwanda cha betri za tochi na redio kilichoanza mwaka 1967, ambacho watu walikijua kwa jina la Eveready, kilifungwa mwaka 2014, betri za bei nafuu kutoka ng'ambo zilipojaa madukani. Mtu aliyekuwa hodari wa mashine ile hakuwa na kiwanda kingine cha namna ile cha kubishia hodi.

Nairobi fundi wa vyuma akikosana na tajiri wake Ijumaa, Jumatatu aweza kuulizia kazi Kariobangi, Gikomba au Barabara ya Enterprise kwa siku moja. Hiyo ndiyo bidhaa halisi iuzwayo na mji mkubwa, nayo ina bei. Kijana anayejifunza kazi, anayebadilisha waajiri ili kupanda, au mwenye ujuzi ambao haununuliwi kwingine, huyo anapolipa kodi kubwa analipia kitu. Lakini mtu aliyefanya kazi ile ile, mahali pale pale, kwa mshahara ule ule kwa miaka minane, analipia milango ambayo hajaifungua hata mara moja. Kwa maoni yetu huyu ndiye mwenye kupaswa kufikiri upya. Na ni wengi.

Wala mshahara wa Nairobi haupiti wa miji mingine kama watu wadhanivyo. Kwa amri ya mishahara ya mwaka 2018, kibarua wa kawaida alipaswa kulipwa si chini ya shilingi 13,572 na senti 90 katika majiji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika miji iliyokuwa manispaa, nayo Nakuru ikiwa miongoni mwake wakati ule, ilikuwa 12,522 na senti 70. Tofauti ni shilingi 1,050 na senti 20. Viwango hivyo vimeongezwa tangu hapo, lakini mtu wa kima cha chini hana sababu ya kudhani kwamba sheria itamlipia kodi ya Nairobi.

NAKURU NAYO SI KIJIJI TENA

Mtu asidhani kwamba Nakuru itakaa ikimngoja. Mwaka 1969 mji ulikuwa na watu 47,151; mwaka 2019 walikuwa 570,674. Ni mara kumi na mbili, ijapokuwa mipaka nayo ilipanuliwa. Katika muda huo Nairobi iliongezeka kutoka watu 509,286 hadi 4,397,073, ambayo haifiki mara tisa. Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliipa Nakuru hati ya kuwa jiji, la nne katika Kenya, na wenye viwanja hawakuchelewa kuisikia habari hiyo. Kila mwaka shamba moja la mahindi kando ya barabara hugeuzwa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na yule aliyeuza hununua unga dukani.

Kwa hiyo mtu atakaye kuhama Nairobi aje na maswali, asije na hamu tu. Kazi itafutwe kabla ya nyumba. Naivasha, penye mashamba ya maua na umeme wa mvuke wa Olkaria, nayo iulizwe, kwa kuwa kodi yake mara nyingine hufuata mishahara ya huko na si ya Nakuru. Mwenye nyumba aulizwe maji yatoka wapi: maji ya visima virefu vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, igeuzayo meno ya watoto kuwa ya rangi ya kahawia, na baba alipaye karo asisahau kununua maji ya kunywa. Mwenye kununua kiwanja upande wa magharibi wa mji na awaulize wazee kama ardhi imewahi kupasuka baada ya mvua kubwa. Na yule aonyeshwaye kiwanja cha bei nafuu karibu na Ziwa Nakuru na aende akatazame kwa macho yake mahali maji yalipofika. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda sana, likafunika lango la zamani la hifadhi ya wanyama, na pande za Barut na Mwariki ziko nyumba ambazo wenyewe walizihama wakiwa wamebeba milango na mabati.