Hesabu za Darasani Zinavyoweza Kuiepusha Familia na Mikopo ya Januari

Ifikapo mwezi Januari kila mwaka, shule nchini hufunguliwa na wazazi na walezi hukabiliwa na orodha ndefu ya mahitaji: sare, viatu, madaftari, mkoba, nauli na, kwa wanafunzi wa bweni, godoro na vifaa vya usafi. Ni kipindi hicho hicho ambapo familia nyingi ndiyo kwanza zimemaliza gharama za sikukuu za mwisho wa mwaka. Wapo wanaojikuta wakibisha hodi kwa wakopeshaji wa mitaani na kuchukua mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu".

Hata hivyo, gharama za shule si jambo la dharura. Ratiba ya mihula hujulikana mapema, idadi ya siku za masomo hujulikana, na bei za mahitaji mengi zinaweza kukadiriwa. Vifaa vya kukadiria navyo vimo katika daftari la mwanafunzi mwenyewe, kwani takwimu, asilimia na riba ni sehemu ya Hisabati inayofundishwa shuleni. Aidha, katika mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa Januari 2024, somo la Biashara limekuwa la lazima kuanzia Kidato cha Kwanza. Kinachohitajika ni maarifa hayo kutoka darasani na kuingia katika mipango ya nyumbani.

Gharama zisizoonekana kwa sababu ni ndogo

Kupitia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, Serikali iliondoa ada kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za umma, utaratibu ulioanza kutekelezwa Januari 2016. Kabla ya hapo, ada ya sekondari ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 70,000 kwa mwanafunzi wa bweni. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua kuwa wazazi na walezi wanabaki na wajibu wa kugharamia mahitaji kama vile sare, vifaa vya kujifunzia, matibabu, nauli na chakula cha wanafunzi wa kutwa. Katika mwaka wa fedha 2022/23, ada iliondolewa pia kwa Kidato cha Tano na cha Sita.

Mzazi anayesikia kuwa elimu haina ada anaweza kudhani kuwa gharama zilizobaki ni ndogo. Hesabu ya nauli pekee inaonesha vinginevyo. Nauli ya mwanafunzi katika mabasi ya mijini iliendelea kuwa shilingi 200 hata baada ya nauli ya mtu mzima kupanda Desemba 2023. Mwanafunzi anayepanda basi moja kwenda na moja kurudi hutumia shilingi 400 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Hivyo nauli yake ya mwaka mzima ni shilingi 77,600. Anayelazimika kuunganisha mabasi mawili hutumia shilingi 155,200.

Kiasi cha shilingi 77,600 ni karibu mara nne ya ada ya kutwa iliyoondolewa. Hakionekani kwa sababu hakilipwi kwa mkupuo, bali hutoka sarafu kwa sarafu kila asubuhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na matumizi ya shule yanathibitisha usemi huo.

Athari za kutokuwa na daftari huonekana kwenye mahudhurio. Mwanafunzi anayekosa shule siku moja tu kwa wiki kwa sababu fedha ya nauli imeisha hupoteza asilimia 20 ya masomo yake. Kwa siku 194, hiyo ni takriban siku 39, sawa na karibu wiki nane za masomo. Hakuna mwalimu anayeweza kufidia pengo la ukubwa huo kwa urahisi.

Wastani wa kupanga mwaka, kiasi cha kati cha kupanga siku

Hatua ya kwanza ni kuandika. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyeandika matumizi yake ya nauli na chakula kwa siku kumi za masomo. Siku saba alitumia shilingi 1,000 kila siku. Siku mbili alitumia shilingi 1,500. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, mabasi yakakosekana, akalazimika kupanda bodaboda. Siku hiyo alitumia shilingi 6,000.

Jumla ya matumizi hayo ni shilingi 16,000. Ukigawa kwa siku kumi, wastani ni shilingi 1,600. Lakini ukipanga viwango hivyo kuanzia kidogo hadi kikubwa na kutazama kinachokaa katikati, unapata shilingi 1,000, ambayo pia ndiyo iliyojirudia mara nyingi zaidi. Namba hizi mbili zote ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

Kiasi cha kati kinaeleza siku ya kawaida. Mzazi anayetaka kujua ampe mtoto shilingi ngapi asubuhi atumie shilingi 1,000. Akimpa 1,600 kila siku kwa kuufuata wastani, mtoto atakuwa na ziada katika siku zote isipokuwa ile ya mvua, na ziada iliyomo mfukoni huwa ngumu kubaki.

Wastani, kwa upande wake, unaeleza mzigo mzima. Mzazi anayepanga bajeti ya mwaka kwa shilingi 1,000 kwa siku atatenga shilingi 194,000. Iwapo hali ya siku zile kumi itaendelea mwaka mzima, matumizi halisi yatakuwa shilingi 310,400. Upungufu ni shilingi 116,400, na upungufu huo ndio unaoitwa "dharura" pale mzazi anapokwenda kukopa. Kwa kweli si dharura. Mvua hunyesha kila mwaka, na viatu huchanika kila mwaka; kisichojulikana ni tarehe tu.

Kwa hiyo, mpango unaofaa ni kumpa mtoto fedha ya siku ya kawaida na kutenga tofauti iliyobaki, shilingi 600 kwa kila siku ya masomo katika mfano huu, kwenye mfuko wa akiba unaofunguliwa pale tu siku isiyo ya kawaida inapofika.

Kanuni hiyo hiyo hufaa kwenye kikao cha wazazi kinachojadili mchango wa chakula cha mchana. Tuseme wazazi watano wametaja uwezo wao kwa mwezi: shilingi 5,000, 5,000, 6,000, 7,000 na 27,000. Wastani ni shilingi 10,000. Kikao kikipitisha kiwango hicho kwa hoja kwamba ni wastani wa wote, kitakuwa kimepitisha mchango ambao wazazi wanne kati ya watano hawauwezi. Kiasi cha kati, shilingi 6,000, kinaonesha hali halisi ya walio wengi, na mwenye uwezo zaidi anaweza kuchangia zaidi kwa hiari yake.

Bei ya dukani na bei ya kutumia

Takwimu husaidia pia wakati wa kununua. Jozi ya viatu inayouzwa shilingi 18,000 na kudumu miezi mitano inamgharimu mzazi shilingi 3,600 kwa kila mwezi wa matumizi. Jozi ya shilingi 30,000 inayodumu miezi 12 inamgharimu shilingi 2,500 kwa mwezi. Rahisi kwa macho imegeuka kuwa ghali. Ila kwa mtoto ambaye mguu wake unakua haraka na hatavaa kiatu kile kile mwaka mzima, hesabu hubadilika, kwa kuwa muda wa kugawia ni ule ambao kiatu kitamtosha, si ule ambao soli itadumu.

Akiba ya wiki dhidi ya mkopo wa siku moja

Baada ya kujua kiasi kinachohitajika, swali linalofuata ni namna ya kukipata. Tuchukue familia yenye watoto wawili ambayo matumizi yake ya kufungua shule ni shilingi 240,000. Kuanzia mwisho wa Januari hadi mwisho wa Desemba kuna takriban wiki 48. Kwa shilingi 5,000 kila wiki, kiasi hicho kinatimia.

Bei, hata hivyo, hazisimami. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi, na kwa mwaka 2024 wastani wake ulikuwa asilimia 3.1. Familia ikichukua makadirio ya asilimia 3, mahitaji ya shilingi 240,000 yatafikia shilingi 247,200 baada ya mwaka. Nyongeza hiyo ni shilingi 150 tu kwa wiki. Akiba inakuwa shilingi 5,150 badala ya 5,000. Haba na haba hujaza kibaba, ila ni vema ukubwa wa kibaba ujulikane kabla ya kuanza kujaza.

Sasa tazama njia ya pili. Familia hiyo hiyo haikuweka akiba, na Januari inakopa shilingi 240,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Ikishindwa kulipa na riba ikaongezwa juu ya deni, mwezi wa kwanza deni linakuwa shilingi 288,000. Mwezi wa pili shilingi 345,600. Mwezi wa tatu shilingi 414,720. Katika miezi mitatu, riba pekee imefikia shilingi 174,720. Hicho ni kiasi ambacho familia ingekiweka kwa karibu wiki 34 kwa akiba ya shilingi 5,150. Mkopo uliotatua tatizo la Januari hii tayari umekula sehemu kubwa ya fedha za Januari ijayo.

Ipo pia mikopo inayolipwa kila siku, ambayo marejesho yake huonekana mepesi. Anayekopa shilingi 100,000 na kurejesha shilingi 5,000 kwa siku kwa siku 30 hulipa shilingi 150,000. Wengi huhesabu kuwa riba ni asilimia 50 kwa mwezi. Lakini mkopaji hakukaa na laki moja kwa siku zote 30, kwa kuwa alianza kuirudisha tangu siku ya kwanza. Kwa wastani, deni la msingi alilokuwa nalo katika mwezi huo lilikuwa takriban nusu ya laki. Amelipa shilingi 50,000 kwa kutumia takriban shilingi 50,000. Riba halisi inakaribia asilimia 100 kwa mwezi.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kukopa

Mkopo si kosa, na upo wakati ambapo hauepukiki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliweka utaratibu wa kusimamia biashara hiyo. Chini ya sheria hiyo, wakopeshaji wasiopokea amana wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa husajiliwa kupitia mamlaka za serikali za mitaa. Mwananchi anayehitaji mkopo anashauriwa kuhakiki leseni ya mkopeshaji, kusoma mkataba wote kabla ya kusaini, kubaki na nakala yake, na kuuliza jambo moja kwa lugha nyepesi: hadi deni litakapokwisha, jumla ya fedha nitakayolipa ni shilingi ngapi? Mkopeshaji asiyeweza kutaja jumla hiyo hafai kukopwa.

Kwa wanaoweka akiba, jambo la msingi ni fedha za shule kukaa mahali tofauti na fedha za matumizi ya kila siku, iwe ni akaunti ya benki, SACCOS, kikundi kilichosajiliwa au huduma ya akiba ya simu. Ada na makato ya huduma hizo nayo yaingizwe kwenye hesabu, kwa kuwa makato madogo yanayojirudia kila wiki hufuata kanuni ile ile ya nauli.

Kazi hii haihitaji mtaalamu. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukabidhiwa daftari la matumizi ya shule ya nyumba nzima, akaandika kila siku, akakokotoa wastani na kiasi cha kati kila mwisho wa mwezi, na kuwasomea wazazi wake matokeo. Mwalimu wa Hisabati naye anaweza kuyatumia matumizi ya aina hiyo, bila kutaja jina la familia yoyote, kama zoezi la darasani. Mtoto atajifunza somo lake kwa namba zenye maana kwake, na mzazi atajua mapema, mathalani mwezi Juni, iwapo akiba yake inatosha au imepungua. Mwezi Juni bado kuna miezi sita ya kurekebisha, Januari hakuna.