Demani Funzi: Kazi ya Pwani na Ada ya Kutazama

Upepo wa kusi, ambao tangu mwezi wa Aprili hushika zamu yake juu ya ghuba ya Funzi, ukiwazuia wavuvi wenye vyombo vidogo wasivuke mwamba na kuwalazimu watafute riziki yao ndani ya vijito vya mikoko, huanza kulegea katikati ya Septemba. Na hapo wazee wa kisiwa hiki, ambao hawahitaji kalenda ya ukutani iwaambie jambo wanalolisikia kwa ngozi zao wenyewe, husema kwamba demani imeingia. Baridi ya kipupwe huwa imekwisha na joto la kaskazi halijafika. Alfajiri upepo wa umande hutoka barani, ukipita juu ya mlango wa mto Ramisi na kuleta harufu ya tope na mikoko. Jua likipanda upepo hugeuka ukatoka matlai. Na alasiri kusi hurejea kwa muda mfupi, bila ya ukali. Miembe iliyochanua mwezi wa Agosti huwa imekwisha kushika vitoto, na watoto, kwa dhambi ndogo ambayo kila kizazi hapa kimeitenda, huyatungua maembe hayo mabichi na kuyala kwa chumvi na pilipili kabla hayajawa na haki ya kuitwa matunda.

Katika nchi za kaskazini ya dunia huu ndio wakati ambapo majani hugeuka rangi na kupukutika, na watu hujifungia majumbani. Mikoko yetu haivui nguo zake kwa pamoja, lakini asidhani mtu kwamba majira yale hayatufikii, kwani kila mwaka tunaletewa khabari zake na viumbe wasiojua mipaka. Sululu, wenye midomo mirefu iliyopinda, waliototoa vifaranga vyao katika mbuga za baridi za Ulaya na Asia, hushuka kwenye mafungu ya mchanga ya ghuba hii katika Septemba, na kila maji yatokapo utawaona wakidokoa kaa kana kwamba hawakutoka mbali zaidi ya kijiji jirani cha Bodo. Nyangumi nao, ambao tangu Julai huonekana nje ya Wasini na Kisite, hurejea kusini kwenye bahari za barafu ifikapo Oktoba. Wavuvi huyatazama hayo yote na kuyatia hesabuni.

Na hesabu yenyewe ni jambo lipasalo kuelezwa, maana vijana wengi sasa wanaijua kwa jina tu. Wazee wetu wa mwambao walikuwa na miezi ya Kiislamu kwa ajili ya ibada, lakini kwa kuwa miezi hiyo hufuata mwandamo wa mwezi, nayo haisimami mahali pamoja katika majira, walishika pamoja nayo mwaka wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, hata zitimie siku mia tatu na sitini na tano. Nahodha aliposema kwamba chombo kitashushwa mwongo fulani, kila mtu bandarini alijua upepo utakaokuwako siku hiyo. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, Nairuzi husogea nyuma kidogo kidogo, na siku hizi huwa katika Julai, kama wajuavyo wote waliohudhuria sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja. Basi siku ya mia huangukia mwishoni mwa Oktoba, wakati ambapo Kilimia huzuka upande wa mashariki baada ya Isha. Mtu wa Funzi aliyefunzwa vema huziweka hesabu zote mbili, ya jua na ya mwezi, bila ya moja kuivuruga nyingine. Nami naiona hiyo kuwa elimu kamili, ijapokuwa haikuandikiwa shahada.

Watu wa kisiwa hiki ni Wachifundi kwa asili na kwa lugha, jamaa wa Washirazi wa mwambao huu, wenye jirani zao Wavumba wa Wasini na Vanga upande wa kusi na Wadigo upande wa bara. Na kazi yao katika demani ni kazi ya kutengeneza. Chombo kilichochakaa kwa miezi ya kusi hupandishwa pwani, kikaegemezwa kwa magogo, kikachomwa chini kwa moto wa makuti ili wafe wadudu walao mbao, kisha kikakalafatiwa kwa pamba na mafuta, na mwisho kikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake humfuata mpakaji hata nyumbani kwake, na mkewe huistahimili maana anajua ndiyo iletayo chakula. Malema ya zamani huvunjwa na mapya kusukwa. Majarife hutandazwa kivulini na kushonwa matundu, kazi isiyotaka haraka wala maneno mengi.

Wanawake hawana demani ya kupumzika, na haifai kuandika juu ya mila za Funzi kana kwamba ni mila za wanaume peke yao. Wakati wa bamvua, maji yatokapo asubuhi kabla ya adhuhuri, wao huenda mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza, wakijua kila shimo na kila jiwe kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba ya mama yake. Na wanaporudi, jua likiwa utosini, kuna makuti ya kusuka, ukili wa kukunja, na samaki wa kukaangwa. Mama karanga, ambao hununua samaki bandarini na kuwauza tayari wameiva, ndio wanaolisha watoto wa shule, vibarua na wasafiri. Tena wao ndio benki ya kweli ya vijiji hivi, kwani deni la mvuvi katika kusi hulipwa kwa samaki wa kaskazi, na daftari lake limo kichwani mwa mwanamke mmoja asiyesahau.

Kuna na kazi nyingine, iliyo ng'ambo. Zamani vijana walivuka kwenda kwenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Ramisi, hata kiwanda hicho kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi hungojea kuitwa Diani. Maadam Wazungu huanza kuikimbia baridi yao mwezi wa Novemba, hoteli hukumbuka wapishi, watunza bustani na wahudumu wake katika Oktoba, na simu zikianza kulia kisiwani utamwona kijana aliyekuwa akishona jarife tangu asubuhi akiliweka chini kwa adabu mbele ya baba yake, akaomba ruhusa. Hivyo majani yanayoanguka katika miji ambayo huenda asiione maishani ndiyo yanayomwondoa kwao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni ada ya kutazama. Mgeni akifika Funzi katika demani, saa za alasiri, huona wanaume wamekaa barazani au chini ya mti wakiielekea bahari, na aghalabu huwahukumu kuwa wavivu. Hakuna hukumu iliyo mbali zaidi na haki. Wale wamekaa katika kazi: mmoja anatazama tanga linaloingia, akilijua kwa viraka vyake ni la nani, mwingine anatazama wingu la vuli, wa tatu anatazama maji, ayapimie saa ya kushuka. Kutazama kwa pamoja, na kusemezana juu ya kinachotazamwa, ndiko kulikowafunza watoto wetu uvuvi kwa dahari nyingi, kabla ya shule na baada yake.

Mtu aliyekulia katika tabia hiyo huichukua hata mbele ya mchezo. Siku za maji mafu, maji yakitoka alasiri, vijana hucheza mpira mchangani, na wazee waliokuwa wakitazama mawingu hugeuza shingo zao kidogo tu wakatazama mpira, kwa macho yale yale ya upelelezi, wakiona mapema nani amechoka na nani atateleza. Usiku watu huhamia kwenye banda lenye televisheni na dishi, kutazama ligi ya Uingereza. Na huko nimeona jambo la kustaajabisha, kwamba saa za Waingereza zinaingia katika ibada na ratiba zetu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa zao nyuma. Mechi zilizokuwa zikianza saa kumi na moja jioni, ambazo Magharibi ilizikuta katika kipindi cha pili, huanza sasa saa kumi na mbili, na adhana huzikuta zimeanza tu. Lakini ile mechi kubwa ya Jumamosi, ambayo tangu Agosti ilianza saa moja na nusu ya usiku, sambamba na Isha, husogea hata saa mbili na nusu, watu wamekwisha kuswali na kula. Hapo banda hujaa.

Nalo lina taratibu zake, ambazo hazikubandikwa ukutani na mtu yeyote. Watoto hukaa mbele, juu ya mkeka. Wazee hupewa viti, na kijana aliyekaa kitini akimwona mzee mlangoni huinuka na kumwamkia, hata kama mpira uko mbele ya goli. Muadhini akiadhini sauti ya televisheni huzimwa. Matusi hayaruhusiwi, maana mashabiki wa timu mbili adui huenda ni shemeji, au ni mtu na ami yake, nao kesho alfajiri watashika kasia za mtumbwi mmoja. Nimeona ugomvi wa mpira ukisuluhishwa na mzee kwa neno moja: "Wanangu, bahari inawasubiri nyote." Uungwana huu ni wa baraza ya pwani, uliohamia bandani.

Jamaa yangu mmoja, aliyehamia Marekani miaka mingi iliyopita, hunieleza kwamba huko, katika Oktoba hiyo hiyo, watu hukaa makwao au viwanjani, wamejifunika kwa baridi, wakitazama fainali za besiboli, mchezo ambao mtu mmoja hurusha mpira na mwingine hungojea kuupiga kwa gongo, na ambao mgeni huuona kuwa umejaa kungojea tu. Yeye aliupenda upesi kuliko wenzake waliotoka miji ya bara, na sababu aliyonipa ni kwamba alikwisha kujua kukaa na mshipi. Wala mchezo huo si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki: vijana wa Lugazi, nchini Uganda, walifika Williamsport, kule Marekani, mwaka wa 2012, wakawa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Namwamini jamaa yangu. Mvuvi anajua kwamba wakati ambapo hakuna kinachotokea ndio wakati wa kuangalia sana.

Kinachonihuzunisha, nami nakisema kwa uwazi, ni kamari. Katika miaka hii kumi na kitu imeingia katika simu za mikononi, na kijana aliyeweka fedha yake juu ya mechi hatazami tena mchezo. Anatazama deni lake. Hasemezani na jirani, hafurahii ufundi wa adui, na fedha iliyokuwa ya nyuzi za jarife hupotea kabla ya usiku kwisha. Masheikh wameyakataza haya kwa dalili za dini, nao wamesema kweli. Mimi naongeza kwamba yanaivunja baraza, kwani yanawafanya watu waliokaa bega kwa bega kuwa kila mmoja peke yake. Inafaa wenye mabanda wayakataze kama wanavyokataza matusi.

Ikifika Desemba kaskazi huwa imetulia, bahari imefunguka, na vyombo vilivyotengenezwa katika demani hushuka vyote. Wengine huenda kupiga dago mbali na kwao, na wavuvi wa Pemba nao huja upande wetu kama walivyokuja babu zao. Usiku wa Jumamosi banda hupungua watu, maana wenye nguvu wako majini. Lakini asubuhi, chombo kikigusa mchanga na waliobaki wakiingia maji ya magoti kusaidia kukivuta, swali la kwanza baada ya salamu ni la mpira. Na ni wajibu wa aliyetazama kueleza mchezo mzima tangu mwanzo, nani alianza, goli liliingiaje, refa alikosea wapi, wala hairuhusiwi kutaja matokeo kabla ya kufika mwisho wa hadithi. Kwa kuvuta chombo hupewa kitoweo, kama ilivyo ada. Na mwenye kusimulia vizuri huchaguliwa samaki aliye mkubwa kidogo.